Dami ya Farasi Jike

Jicho la pili lilikataa kukaa sawa na la kwanza. Nasambu alilishona likawa juu kidogo, akalifumua, akalishona tena likawa juu zaidi. Macho yenyewe yalikuwa vifungo viwili vyeusi alivyovinyofoa kwenye koti la kike la mitumba, na juu ya ule uso wa ngozi ya kahawia vilimfanya farasi aonekane kama ana neno la kusema ila anasubiri wageni waondoke kwanza.

"Wacha tu hivyo," alisema Ng'ang'a, seremala wa kibanda cha pili, bila kusimamisha randa yake. "Hata bibi ya pasta wetu ako na jicho moja juu, na hakuna mtu amewahi kulalamika."

"Fundi haachi kitu hivyo."

"Fundi wa makochi. Hii si kochi."

Kweli haikuwa kochi. Katika miaka yake yote pale soko la Gikomba, Nasambu alikuwa amevisha karibu kila kitu kinachokaliwa au kulaliwa: makochi, vitanda, viti vya baa, na mara moja jeneza la mtu aliyependa raha. Farasi hakuwahi. Kazi hiyo ililetwa na daktari wa mifugo kutoka chuo kikuu, msichana wa Kisomali aitwaye Yurub, aliyekuja amevaa hijabu safi na gambuti zenye matope, akiuliza wapi atampata yule mama anayeshona ngozi isifumuke.

"Nataka dami ya farasi jike," alikuwa amesema. Akataja urefu, kimo na upana wa mgongo. Akasema mgongo uwe laini, ngozi iwe ngumu. Kisha akaangalia pembeni, kwenye marundo ya mbao, kama aliyemaliza hotuba.

Sasa, Gikomba hakuna asiyejua dami ni nini. Ni wale watu wa plastiki wasio na nywele wanaosimama kwenye vibanda vya mitumba kutwa nzima, wamevaa gauni la mtu mwingine, wengine hawana mikono. Kwa hiyo Nasambu hakuuliza swali. Kama kuna dami ya kuvalishwa gauni, basi yupo mahali fulani anayeuza matandiko ya farasi, naye anahitaji dami ya kuyavalisha. Na dami ya dukani lazima ipendeze. Alimwambia Ng'ang'a akereze miguu minne mizuri, ile ya makochi ya matajiri, yenye viuno. Yeye mwenyewe akashughulika na kichwa. Kichwa hakikuwa kimetajwa, lakini hiyo si ndiyo tofauti ya fundi na mtu wa kugongagonga tu?

"Nikuandike nani kwenye simu?" Yurub alikuwa ameuliza akiondoka.

"Mama Makochi."

Yurub aliandika hivyo hivyo, wala hakuinua uso.

Huku Eastlands, mashariki ya Nairobi, mwanamke huitwa kwa mtoto wake. Kwenye safu ya nyumba anakokaa Nasambu, pale Makongeni, kuna Mama Ryan, Mama Shiku, Mama Pacha. Asiye na mtoto huwapa watu kazi. Wanaanza, "Sasa, Mama..." kisha wanameza mate. Nasambu aliwaokoa kwa kushona makochi mengi hata likapatikana la kumalizia sentensi. Alilizoea lile jina. Hata kanisani, kwenye kikundi cha akina mama, aliandikishwa hivyo, na Ng'ang'a, aliyefanya kazi naye ukuta kwa ukuta tangu nywele zake zikiwa nyeusi, hakujua kama ana jingine.

Farasi alipelekwa kwa pikapu, amefunikwa shuka, kichwa kikichungulia. Walikwenda nyuma ya Kayole, kwenye timbo la zamani la mawe ambako bwana mmoja aitwaye Ngigi alifuga farasi. Siku za wiki farasi wake walikula nyasi na makaratasi. Jumapili walibeba watoto wazungushwe uwanjani, na Jumamosi walibeba maharusi waliotaka kufika kanisani kwa kishindo. Nasambu alishangaa kidogo kwamba hapakuwa na duka lolote karibu.

Ng'ang'a alivuta shuka.

Ngigi alicheka mpaka akatafuta ndoo akaikalia. Alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya sufu, na kicheko chake kilitoka kwa mafungu. Yurub yeye alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya hijabu.

"Mama, kichwa ni kizuri," alisema. "Ni kizuri sana. Lakini hatukuhitaji kichwa."

"Dami gani isiyo na kichwa?"

"Na hii miguu, mama, haitashika uzito."

"Itashindwaje kushika tandiko?"

Kikanyamaza hata kile kicheko. "Tandiko gani?" aliuliza Yurub.

Waliangaliana. Yurub akaanza kueleza kitu kuhusu utafiti na kukusanya sampuli kwa njia salama, maneno yakiruka ruka huku na huku bila kutua popote, mpaka Ngigi akamhurumia.

"Mama, ni hivi. Dume inapanda hapo juu. Inafikiri ni bibi yake. Ikimaliza, daktari amekinga. Ni hivyo tu."

Joto lilimpanda Nasambu kutoka shingoni mpaka kwenye leso. Alimtazama farasi wake, vile vifungo, ile miguu yenye viuno, zile nyusi ndogo alizomtia kwa uzi mweusi, na akatamani ardhi ya lile timbo ichimbwe tena hapo hapo alipo. Ng'ang'a alikuwa amegeukia pikapu, mabega yakimtikisika.

"Wewe mtoto," Nasambu alimwambia Yurub, "kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia aje, mama? Uko umri wa mama yangu."

Msichana alikuwa ameona haya, na haya ni kitu ambacho Nasambu mwenyewe angemsifia siku nyingine yoyote. Heshima ndiyo iliyokuwa imewapotezea wiki nzima na ngozi safi.

Alisema wampakie farasi wake warudi. Alikwenda kwenye pipa la maji kunawa, maana alihisi mikono imechafuka ingawa haikuwa imechafuka, na hapo nyuma ya pipa ndipo alipomwona jike. Alikuwa wa kahawia, mwembamba mbavuni, amefungwa peke yake kwenye kigingi. Alinyoosha shingo akanusa viganja vya Nasambu taratibu, kidole kwa kidole. Pumzi yake ilikuwa ya moto.

"Huyu anaitwa nani?"

"Huyo hana jina," alisema Ngigi, akija na ndoo yake. "Huwa nawapa jina wakizaa. Huyo ni tasa. Ijumaa lori inakuja kumchukua."

"Anapelekwa wapi?"

"Anayenunua ndiye anajua." Hakusema kwa ubaya. Alisema vile mtu anavyosema mvua imekataa. "Ni wa tatu huyo, mama. Wote tasa. Mimi na majike hatuna bahati. Na dume kama ile!"

Dume lilikuwa upande wa pili, jeusi, linang'aa, likipiga kwato kwenye mlango wa mabati. Lenyewe lilikuwa na jina: Kanali.

"Huyu jike nimempima," alisema Yurub, sasa akiongea kwa sauti yake ya kazi. "Sijaona kasoro. Ndiyo maana nimemwambia mzee tumpime dume kwanza."

"Dume yangu haina shida. Umeiona ikiruka?"

"Nimeiona."

"Sasa?"

Nasambu hakuwa anasikiliza tena. Neno lile, tasa, lilikuwa limemwingia. Hakulisikia likisemwa hadharani kwa miaka mingi, maana mjini watu wana adabu ya kulizunguka, lakini huko Webuye alikoolewa halikuzungukwa. Mama mkwe wake alilitumia kama mtu anavyotumia chumvi. Mumewe, Nyongesa, hakuwahi kulisema. Hakuwahi kumpiga wala kumtukana. Siku moja tu Nasambu alirudi kutoka sokoni akakuta sanduku lake nje ya mlango, na ndani yake nguo zake zimekunjwa vizuri sana, pindo kwa pindo. Mpaka leo hakujua ni nani aliyezikunja. Baada yake aliletwa mke mwingine, Ayuma. Baada ya muda Ayuma naye, bila mtoto, akafukuzwa, na habari ilipomfikia Nasambu hapa Nairobi alijaribu kufurahi akashindwa, akalia, akamlilia mwanamke ambaye hakuwahi kumwona.

Hakuna aliyemuuliza Nyongesa kitu. Nyongesa alikuwa mwanamume mwenye kifua, mwenye kuimba besi kanisani. Angeulizwa nini?

Jike alikuwa bado ananusa. Nasambu alijifuta mikono kwenye sketi.

"Ng'ang'a," aliita. "Shuka na msumeno."

Ile miguu yenye viuno ilikatwa palepale. Mahali pake zikapangwa nguzo za mkaratusi, nene kama zile za kushikia tangi la maji, zitakazofukiwa ardhini. Kiwiliwili kilirudi Gikomba kufumuliwa. Kichwa alikikata yeye mwenyewe, kwa kisu cha kukatia sponji, na hakumruhusu Ng'ang'a kutoa mzaha wowote wakati huo. Alikifunga kwenye gazeti akakiweka juu ya rafu.

Sasa alishona akijua anashona nini. Aibu ilikuwepo, hatudanganyani, lakini iliwekwa kando, mahali kichwa kilipowekwa. Aliweka sponji ngumu chini na laini juu, akazungushia gunia, kisha ngozi, na mishono yote akaigeuza ndani ili isimchune mnyama tumboni. Akashona kila mstari mara mbili kwa uzi wa nailoni. Yurub alipita kuangalia kazi, akapewa kigoda, na Nasambu, sindano ya kupinda ikiwa mkononi, akamuuliza bila kuzunguka.

"Niambie. Dume lenye nguvu hivyo, linaloruka hivyo, linaweza kuwa na shida gani?"

Yurub alimtazama kuona kama anaulizwa kweli. Akaona anaulizwa.

"Mbegu za dume hazitoki peke yake, mama. Zinatoka ndani ya maji. Watu wanaangalia mbegu tu: ni nyingi? zinaogelea? Lakini kwenye yale maji kuna protini, za aina nyingi, kila moja na kazi yake. Mimi nasoma hizo."

"Kazi gani?"

"Nikupe moja. Mbegu zikiingia ndani ya jike, mwili wake hauzijui. Unaziona kama uchafu, kama vijidudu. Una askari wake kwenye damu, unawatuma wazile. Sasa kuna protini kwenye maji ya dume inayozikinga zile mbegu zilizo hai. Ni kama inawaambia askari, hawa waacheni wapite. Dume ambalo protini hiyo ni chache, mbegu zake zinaweza kuogelea vizuri kabisa na bado zisifike."

"Na mtu akiangalia kwa nje?"

"Kwa nje huoni kitu. Hata dume lenyewe halijui."

Nasambu alivuta uzi mpaka ukakaza. "Na jike?"

"Jike ndiye anayeuzwa," alisema Yurub.

Kanisani Jumatano akina mama walimuuliza anashona nini siku hizi. Alijibu, "Farasi wa kupandwa." Wakasema watoto watafurahi. Aliacha iwe hivyo.

Alhamisi nguzo zilifukiwa na dami ikasimama katikati ya uwanja wa Ngigi, haina kichwa, haina mkia, pipa la ngozi tu kwenye miguu minne minene. Ng'ang'a alisema hiyo ndiyo kazi mbaya kuliko zote waliyowahi kutoa, na imara kuliko zote. Ngigi alimleta Kanali kwa kamba, kifua mbele, kama anayempeleka mwanawe kuposa.

Kanali aliinusa dami mwanzo hadi mwisho. Kisha akageuka akaipa mgongo.

"Nilijua," alisema Ngigi. "Dume yangu si mjinga."

Yurub alikwenda kwa jike nyuma ya pipa akarudi na kitambaa kilicholowa mkojo wa jike, akaipaka ngozi mpya ya Nasambu kwa mkono wa ukarimu. Nasambu aliuma mdomo kwa ajili ya ngozi. Kanali alirudi, akanusa, akainua mdomo wa juu akaonyesha meno yote, na kilichofuata Nasambu hakukitazama. Aligeukia ukuta wa timbo akausoma kama kuna maandishi. Lakini masikio hayageuzwi. Alisikia kwato, pumzi, nguzo zikilalamika ardhini, Ngigi akisema "Haya, haya, mzee," na katikati ya yote alisikiliza mishono yake. Haikulia hata mmoja.

"Mama, tayari," alisema Yurub.

Kwenye stoo kulikuwa na darubini juu ya meza. Yurub aliangalia kwanza, kisha akamwachia Ngigi nafasi. Ngigi aliinama, kofia ikamwangukia puani, akaisukuma nyuma.

"Ziko! Aii, daktari, ziko! Zimejaa kama watu wa Gikomba Jumamosi! Na zinakimbia!" Alisimama wima, machozi yakimlengalenga, na hapo ndipo Nasambu alipoelewa kwamba mtu huyu pia alikuwa ameogopa. "Mama Makochi, kuja uone. Kuja uone dume."

Nasambu aliangalia. Alidhani ataona haya tena, lakini alichoona ni vitu vidogo vyeupe vyenye mikia, vingi, vikikimbilia visikokujua. Moyo ukamshuka. Zilikuwa zinaogelea. Basi Ngigi alikuwa amesema kweli tangu mwanzo, na jike nyuma ya pipa alikuwa vile alivyoitwa.

"Hiyo ni nusu," alisema Yurub, akifunga chupa. "Nusu iko kwenye maji. Nitapima maabara, nipige simu kesho."

"Lori inakuja kesho," alisema Ngigi.

"Basi lori ingoje simu."

Ngigi akaenda kumpa Kanali karoti.

Ijumaa Nasambu alikuwa na kochi la harusi la kumaliza. Aliketi, akatia uzi, akashona shibiri moja, akasimama. Alimwambia Ng'ang'a anatoka kidogo. Hakuna aliyemwita Kayole, na njia nzima alijiambia hivyo: hakuna aliyekuita.

Lori lilikuwa limefika. Dereva alikuwa ameteremsha ubao wa kupandia, na Ngigi alikuwa na jike mkononi, akimvuta kwa upole, mguu wa mbele tayari uko juu ya ubao.

"Daktari amepiga?" Nasambu aliuliza, pumzi zimemkatika.

"Bado. Lakini si niliona mwenyewe? Na wewe si uliona?"

"Ngoja apige."

"Huyu dereva ana safari zake, mama."

Nasambu alishika kamba, chini ya mkono wa Ngigi. "Ngoja."

"Mama Makochi." Ngigi alisema kwa subira, kama mtu anayemtoa mtoto kwenye moto. "Kazi yako ilikuwa kushona. Umeshona vizuri. Hii ingine si yako."

"Mimi nilikuwa huyu," alisema Nasambu.

Ngigi hakuelewa.

"Nilikuwa huyu! Nilikaa kwa mtu, sikuzaa, nikawekewa sanduku nje. Akaletwa mwingine, naye hakuzaa, naye akatolewa. Na yeye, yule bwana, hakuna siku hata moja mtu alimuuliza wewe je. Hata mimi sikumuuliza. Nilibeba sanduku nikaenda, nikajiita tasa mwenyewe, kwa mdomo wangu, miaka yote hii. Sikudai kitu. Leo nadai. Ngoja simu."

Sauti yake ilikuwa imepanda mpaka dereva akazima injini. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kwenye kamba. Jike alishusha ule mguu wake kutoka kwenye ubao, akasimama.

Ngigi alivua kofia, akaivaa tena. "Sawa," alisema. "Sawa, mama. Tungoje."

Walingoja. Dereva alikula muwa. Jua lilihama kutoka ukuta mmoja wa timbo kwenda mwingine, na Kanali alipiga mabati yake mara mbili tatu akanyamaza. Simu ilipolia Ngigi aliiweka sauti ya juu, akaishika mbali na sikio kama inaweza kumuuma.

"Mzee," ilisema sauti ya Yurub, "ile protini niliyokuambia kwenye maji ya Kanali ni kidogo sana. Nimerudia kupima. Karibu haipo."

"Lakini zilikuwa zinaogelea! Niliziona na macho yangu!"

"Zinaogelea, ndiyo. Zikiingia kwa jike hazina wa kuzikinga na wale askari wa damu. Sisemi haiwezekani kabisa, mzee. Nitahitaji kumpima tena. Lakini kama ni mimi, huyo jike ningempeleka kwa dume lingine kabla ya kumlaumu."

Ngigi alikaa kwenye ndoo yake. Uso wake mkubwa ulikuwa kama wa mtu aliyeambiwa habari za nyumbani kwake na mpita njia.

"Rudia hiyo ya askari," alisema.

Yurub akairudia, polepole. Ngigi alisikiliza akimwangalia Kanali, akatikisa kichwa, akasema "Na vile anaruka," akakata simu. Kisha akainuka, akaichukua kamba mikononi mwa Nasambu, akamgeuza jike akamrudisha kwenye kigingi chake nyuma ya pipa. Alimfunga, akamfungua, akamwacha bila kamba.

"Rudi tu," alimwambia dereva.

Lori likaondoka. Nasambu alinawa uso kwenye pipa. Angepaswa kufurahi, na alikuwa anafurahi, lakini furaha hiyo ilikuwa na tundu.

"Na wale wawili?" aliuliza.

Ngigi alijua ni wepi. "Mmoja alienda Mwea kuvuta mkokoteni. Huyo mwingine..." Alikwangua ukuta wa pipa kwa ukucha. "Huyo mwingine sikuuliza."

"Walikuwa na majina?"

Jike akaja kati yao akanywa maji, mlio wake ukasikika kooni. Nasambu alipokuwa anaondoka Ngigi alimfuata hadi barabarani, mikono mfukoni.

"Huyu mpe jina wewe, basi," alisema. "Mimi nimezoea kungoja azae."

"Nitafikiria," alisema Nasambu.

Alifika Gikomba watu wakiwa wameanza kufunga. Kochi la harusi lilikuwa linamngoja na shibiri yake moja. Kabla ya kuketi aliteremsha gazeti kwenye rafu, akakifungua kichwa, akakipangusa vumbi, akakigongomea msumari kwenye nguzo ya mbele, kikaangalia barabara. Jicho moja lilikuwa bado juu. Alilitazama akaliacha hivyo.

Kisha akajaza pini mdomoni akaanza kushona.

"Mama Makochi!" aliita Ng'ang'a kutoka upande wa pili wa ukuta. "Mama Makochi, kuna mteja hapa anauliza kitanda."

Nasambu aliendelea kushona.

"Mama Makochi! Si unasikia?"

Alikuwa anasikia. Mkono ulikwenda, ukarudi. Ng'ang'a alikuja mpaka mlangoni, vumbi la mbao kwenye nyusi, akamtazama yeye, akakitazama kile kichwa cha farasi juu ya nguzo, akamtazama yeye tena, na kitu fulani kikamjia ambacho miaka yote hiyo hakikuwa kimemjia.

"Kwani wewe," alisema, "unaitwa nani?"

Nasambu alisimamisha sindano. Akaanza kuzitoa pini mdomoni, moja moja, akizichomeka kwenye mkono wa kochi, ili jina lake litoke vizuri.